Kabla Hujanunua Giaboksi Nyingine

Gari limekwama kwenye gia ya tatu tangu Kombani, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, na fundi wa kwanza uliyempata Ukunda ameshakata kauli: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Usitume pesa bado. Kauli hiyo ikitolewa kabla betri haijapimwa, kabla kompyuta ya giaboksi haijasomwa na kabla oili haijaangaliwa, ni ya kubahatisha tu. Vipimo hivyo vyote vitatu ni vya elfu chache. Giaboksi nyingine, ukihesabu na kuifunga, ni ya laki.

Magari ninayoyasemea ni yale ya kifahari yaliyozeeka: saluni za Kijerumani kama Mercedes-Benz E-Class za 2002 hadi 2009 na BMW 5 Series za 2003 hadi 2010, magari makubwa ya Kiingereza ya miaka hiyohiyo, na Toyota Crown za rika lao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo saluni ya 2005 unayoonyeshwa leo Diani imekula barabara za hapa nyumbani miaka kumi na zaidi. Bei ya kulinunua imeshuka hadi ya kigari kidogo cha Kijapani. Bei ya spea zake imebaki ya gari la tajiri.

Hapo ndipo wengi wanapoumia: wanalipa kwa mpangilio mbaya. Wanaanza na kitu cha bei kubwa, kisha wanagundua kasoro ilikuwa ya bei ndogo, na pesa haziko tena.

Betri kwanza

Umeme ukipungua, kompyuta ya giaboksi ni miongoni mwa za kwanza kulalamika. Betri iliyochoka huifanya isome vibaya, ishikilie gia moja na kuwasha taa, hata kama ndani ya giaboksi kila kitu ni kizima. Fundi umeme yeyote mwenye mita anapima kwa dakika tano. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta inatakiwa kutoa kati ya 13.5 na 14.7. Ukikuta 12.2 au chini ya hapo asubuhi, betri imebaki na nusu ya chaji au pungufu, na mazungumzo ya giaboksi yasubiri mpaka hilo litengenezwe na gari liendeshwe tena.

Vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi viangaliwe siku hiyohiyo. Anayeegesha karibu na ufuo anajua hewa ya chumvi inavyokula shaba na chuma. Kusugua na kukaza ni mia chache.

Na kama gari linakataa kabisa kutoka kwenye P, mweke mtu nyuma ya gari, kanyaga breki, muulize kama taa zinawaka. Zisipowaka, huenda swichi ndogo ya kanyagio la breki imekufa, kwa sababu kufuli la P husubiri habari kutoka hapo. Swichi hiyo ni spea ya bei ndogo, na kubadilisha ni kazi ya muda mfupi.

Nani akusomee kompyuta

Una njia tatu, na bei zake zimeachana sana.

Ya kwanza ni kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosomeka kwa simu. Kinauzwa elfu moja hadi tatu hivi. Kwa injini kinafaa. Kwa giaboksi ya gari la kifahari mara nyingi kinaishia kusema P0700, na namba hiyo maana yake ni moja tu: kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, nenda kaiulize yenyewe. Mtu akikuonyesha P0700 peke yake na kukwambia ununue giaboksi, hajakupimia chochote.

Ya pili ni fundi umeme wa Ukunda au Diani mwenye skana kubwa inayoingia kwenye kila kompyuta ya gari. Ada huwa elfu mbili hadi tano. Hii ndiyo pesa ninayokushauri utoe bila kusita, ila uliza mambo mawili kabla hajachomeka: je, mashine yake inaingia kwenye giaboksi ya gari lako kwa jina na mwaka wake, na je, bei ni ya gari zima au anatoza kila kompyuta peke yake? Swali la pili linaokoa watu. Gari moja la aina hii lina kompyuta nyingi, na ada ya "kila moja" hupanda haraka.

Ya tatu ni gereji ya wataalamu Mombasa. Ni ghali zaidi na ina safari. Inafaa pale fundi wa Ukunda ameshapata namba lakini hana uwezo wa kupima shinikizo la oili au kuprogramu.

Kuna na "kupimiwa bure". Jihadhari nayo. Gereji inayopima bure inatarajia kuuza kazi, na mara nyingi gari likishafunguliwa huwezi kulitoa bila kulipia kulifunga. Bora ulipe elfu tatu kwa mtu asiyeuza giaboksi.

Akimaliza, mwambie, "Fundi, nipe hizo namba kabla hujafuta." Piga picha skrini. Namba zikifutwa, ushahidi umekwenda, na fundi wa pili atakutoza upya. P0715 na P0720 zinaelekeza kwenye sensa za mwendo au waya zake. P0741 inaelekeza kwenye klachi ya konvata, ule mtungi unaounganisha injini na giaboksi. P0218 inasema oili ilipata joto kupita kiasi. P0730 ndiyo ya kuogopa zaidi: gia inayoagizwa na gia inayopatikana hazilingani, yaani kuna kitu kinateleza, ingawa hata sensa mbovu inaweza kuileta. Sensa ni ya makumi ya elfu au chini. Klachi zilizoungua ni za laki. Namba moja inaweza kukuonyesha uko upande gani.

Dalili unazozisoma mwenyewe, bure

Asubuhi gari likiwa baridi, kanyaga breki, weka D, kisha R. Gia inatakiwa kushika ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichelewa asubuhi tu na baadaye ikawa sawa, fikiria oili iliyopungua au iliyoshuka kutoka kwenye konvata usiku. Ikiwa asubuhi iko sawa lakini baada ya kufika Likoni na kusimama foleni inaanza kuchelewa na kuteleza, shinikizo linapotea oili inapochemka na kuwa nyepesi. Hapo mashaka yaende kwenye sili zilizokakamaa au klachi zilizokwisha.

Gari likikwama gia moja, simama mahali salama, zima injini, subiri dakika chache, washa tena. Likirudi kuwa sawa kwa muda kisha likakwama tena, kasoro ya umeme ina nafasi kubwa. Klachi zilizoungua hazipoi kwa kuzima na kuwasha.

Kwenye barabara ya Lunga Lunga, pakiwa wazi na hakuna gari nyuma yako, shikilia mwendo wa kati ya 60 na 80 kwa mguu mwepesi. Gari likitetemeka kama limepita juu ya mistari, gusa breki kidogo tu. Mguso huo hufungua klachi ya konvata. Mtetemo ukikoma papo hapo, konvata ndiyo mshukiwa. Usipokoma, pima koili na plagi za injini kabla ya kitu kingine. Silinda moja isiyochoma vizuri hutoa mtetemo unaofanana kabisa na wa giaboksi, na koili moja haikaribii hata kidogo bei ya konvata.

Kishindo unapotoka P kwenda D nacho kina visababishi vya bei nafuu. Raba zinazoshikilia injini na giaboksi zikichoka, injini huruka na kugonga. Raba ya shafti ikipasuka, hivyohivyo. Mwombe fundi afungue boneti, wewe ubadilishe kati ya D na R huku breki imekanyagwa na hendibreki imevutwa. Injini ikiinuka vibaya, umeshaona pa kuanzia.

Oili: hapa usibane senti

Giaboksi nyingi za magari haya hazina kijiti cha kupimia. Kwa Mercedes ya gia tano, kiwango hupimwa kwa kijiti maalumu cha gereji, oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Kwa giaboksi ya gia sita ya ZF, inayopatikana kwenye BMW nyingi na Land Rover za miaka hiyo, oili hujazwa injini ikiwaka, joto likiwa kati ya nyuzi 30 na 50, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kipimo. Sasa jiulize fundi anajuaje joto hilo bila skana. Hajui. Anayejaza kwa kukisia, injini imezimwa, atakuachia pungufu, na lita moja pungufu inatosha kuleta dalili zote za giaboksi iliyokufa.

Utasikia pia kwamba oili ya giaboksi hizi ni ya maisha yote. Watengenezaji wa magari waliwahi kuandika hivyo, lakini ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka minane. Mercedes nao kwa ile ya gia saba waliweka kilomita 60,000. Gari la 2006 lisilo na rekodi ya kubadilishwa linaendeshwa kwa oili iliyokwisha kazi yake, tena kwenye joto la Pwani.

Tufanye hesabu. Ile ya gia sita huchukua lita tisa hadi kumi kwa jumla. Tuseme oili sahihi inauzwa 1,800 kwa lita: lita tisa ni 16,200. Dukani kuna nyingine ya jumla, ile wanayoiita haidroliki, ya 800: lita tisa ni 7,200. Tofauti ni shilingi 9,000. Usiichukue ya bei rahisi. Giaboksi hizi zimepangiwa msuguano maalumu: Mercedes za enzi hiyo zinataka oili yenye idhini ya 236.14, za Toyota za miaka hiyo nyingi zinataka WS, na za ZF zina aina yake. Si lazima ununue chupa yenye nembo ya gari. Chupa ya kampuni nyingine iliyoandikwa idhini hiyohiyo inafaa na hupunguza bei. Chupa iliyoandikwa "magari yote" bila idhini, iache dukani.

Kukiwa na pesa kidogo, mwaga ya kwenye sampu tu, lile sinia la chini ya giaboksi, ambayo ni karibu nusu ya jumla, badilisha filta, endesha wiki chache, kisha rudia. Mashine ya kusukuma oili kwa nguvu siipendekezi kwa gari ambalo historia yake huijui: ni ghali zaidi, inameza lita nyingi, na inaweza kuchochea uchafu uliotulia. Uliza pia kuhusu filta. Kwenye giaboksi nyingi za ZF za gia sita, filta na sampu ni kitu kimoja cha plastiki, kwa hiyo "filta" uliyotajiwa bei inaweza kumbe kuwa kichujio cha gari lingine kabisa.

Sampu ikishushwa, uwepo. Hii ndiyo dakika yenye thamani kubwa kuliko zote. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari la umri huo. Vipande vinavyong'aa, chembe za shaba au mabaki meusi ya klachi pamoja na harufu ya kuungua vinakwambia uharibifu umeshafika ndani, na oili mpya haitaurudisha. Watu husema kubadilisha oili kunaua giaboksi. Mara nyingi giaboksi ilikuwa inakufa, mwenyewe akakimbilia oili akiwa amechelewa, lawama ikaenda kwa oili. Ukiona mabaki hayo, usinunue lita tisa. Weka pesa hiyo upande wa matengenezo makubwa, au upande wa kuuza.

Kasoro ndogo zinazojifanya kubwa

Hapa ndipo fundi mzuri anapokuokolea laki.

Kwenye Mercedes ya gia tano kuna plagi ya waya inayoingia ubavuni mwa giaboksi, yenye pini 13. Mipira yake ya duara hukakamaa kwa miaka na oili huanza kupenya. Si kwamba inavuja chini tu: hupanda ndani ya waya zenyewe, taratibu, mpaka ikafika kwenye kompyuta ya giaboksi. Gari linakwama gia ya pili, taa inawaka, mwenyewe anaambiwa atafute giaboksi. Plagi mpya ni elfu chache. Chomoa soketi ya kompyuta uangalie: ukikuta oili kwenye pini, umeshajua. Isafishwe, plagi ibadilishwe, na oili iliyopotea ijazwe kwa kipimo. Fanya kazi hii kila unapobadilisha oili, hata kama plagi haijaharibika.

Ndani ya giaboksi hiyohiyo kuna bamba la plastiki lenye sensa mbili za mwendo. Likifa, namba za sensa zitaonekana. La viwandani lisilo na nembo ni la makumi ya elfu machache, na halihitaji kushusha giaboksi, sampu tu. Kwenye ile ya gia saba habari inabadilika: bamba limeungana na kompyuta, na limefungwa kwa usalama wa gari. Kununua lililotumika na kulichomeka hakutoshi. Lazima lifutwe na kuprogramiwa kwa mashine maalumu, na ada hiyo hutajiwi dukani. Kabla ya kununua, mtafute kwanza mtu wa kuliprogramu na umtajie namba ya kifaa. E-Class nyingi za silinda nne zilibaki na gia tano, na nyingi za silinda sita za petroli zikahamia gia saba. Jua ipi ni yako kabla hujapiga simu yoyote.

Kwenye ZF ya gia sita, mtuhumiwa mdogo ni kibomba kifupi cha plastiki kinachopitisha plagi ya umeme, pamoja na sili kati ya mekatroniki (kompyuta na valvu zilizounganishwa pamoja) na mwili wa giaboksi. Kibomba kikivuja, oili inapungua polepole bila wewe kuona doa kubwa. Sili zikikakamaa, shinikizo linapotea na gia zinagonga au kuteleza gari likipata joto. Seti nzima ni elfu kadhaa. Kazi ni ya kushusha sampu na mekatroniki, kwa hiyo gharama kubwa ni oili na mkono wa fundi. Mwenye gari la aina hii afanye vyote siku moja: sampu, sili, kibomba na oili. Ukivigawa, utalipia oili mara mbili.

Na rejeta. Magari mengi haya hupoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta ya maji. Ukuta kati yake ukitoboka, maji na oili vinachanganyika, na oili inatoka na rangi ya waridi iliyopauka yenye povu. Ukiiona, usiendeshe hata kilomita moja zaidi, kwa sababu maji hulegeza gundi ya klachi. Huku kwetu maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na wapo wanaoyajaza kwenye rejeta kila siku. Dawa ya rejeta iliyochanganywa sawasawa na maji safi ni ya elfu chache kwa mwaka. Ukizihurumia, unaweza kupoteza rejeta na giaboksi kwa pamoja. Chungulia pia chini ya gari mabomba ya chuma yanayopeleka oili mbele. Kwa wakazi wa ufuoni ndiyo ya kwanza kushika kutu.

Ikiwa kweli imekufa

Umepima yote, P0730 inarudi, sampu imejaa chembe. Sasa chaguo ni tatu: kuijenga upya, kununua iliyotumika, au kuuza gari kama lilivyo.

Iliyotumika ndiyo inayopatikana haraka. Utaitafuta Mombasa, na ukiikosa, Nairobi kwa wauza spea wa Kirinyaga Road na Grogan, halafu isafirishwe. Dhamana yake huwa fupi, na huwa ya kifaa tu. Ikifeli, wanakupa nyingine, lakini kushusha na kupandisha tena ni juu yako. Uliza hilo kwa maneno hayo, uandikiwe kwenye risiti. Bora zaidi ni iliyotoka kwenye gari lililokatwa nusu ambalo bado lina injini na kompyuta zake, kwa sababu unapata na kompyuta inayolingana. Linganisha namba iliyopigwa mwilini mwa giaboksi, si umbo tu. Mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa za injini tofauti.

Bei uliyotajiwa kwa simu haijafika hata karibu na utakayolipa. Chukua namba za mfano, weka zako. Giaboksi 90,000. Usafirishaji 4,000. Oili 16,200. Filta na gasketi 6,000. Kushusha na kupandisha 20,000. Kuprogramu 10,000. Gari kuvutwa hadi gereji 12,000. Umefika 158,200. Duka likikumbuka kwamba bei ilikuwa bila VAT, asilimia 16 ya 90,000 ni 14,400 nyingine, jumla 172,600. Karibu mara mbili ya bei ya kwanza, na konvata hujaigusa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: bei hiyo ina VAT, ina konvata, na mnaidai giaboksi yangu ya zamani? Wengine hupunguza bei wakichukua ile mbovu. Wengine hawasemi mpaka uulize.

Kuijenga upya hugharimu zaidi mara nyingi, na gari litalala gereji kwa siku nyingi. Ikifanywa vizuri, kwa klachi mpya, sili zote, bushi na konvata iliyofunguliwa na kusafishwa, itadumu kuliko iliyotumika, kwa sababu unajua kilichomo. Ikifanywa nusunusu, klachi mpya juu ya konvata yenye chembe za zamani, uchafu unarudi kwenye valvu na pesa imekwenda. Uamuzi wangu: ijenge upya ikiwa fundi anaweza kukutajia magari ya aina yako aliyoyatengeneza na wenyewe wakubali kuongea nawe. Asipoweza, chukua iliyotumika uliyoiona ikifanya kazi. Fundi wa kujifunzia giaboksi ya gia sita kwa gari lako ni ghali kuliko chaguo zote.

Kuhusu kuuza, hesabu ni hii. Tafuta bei ya gari lako likiwa zima, na bei ambayo mnunuzi anatoa sasa hivi likiwa limekwama. Tuseme 550,000 na 330,000. Tofauti ni 220,000. Makisio ya matengenezo, ukiongeza moja ya tano kwa yasiyotarajiwa, yakizidi tofauti hiyo, kutengeneza ili uuze ni hasara. Yakiwa chini, na gari unalihitaji kwa miaka miwili mingine, tengeneza. Anayelitumia kubeba wageni wa hoteli aongeze siku ambazo gari halitaingiza kitu. Kwake giaboksi ya haraka inaweza kuwa nafuu kuliko nzuri inayosubiriwa mwezi.

Gari kuvutwa

Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, na magurudumu yanayosukuma gari yakizunguka yanakausha vyuma vya ndani. Mercedes kwa giaboksi ya gia tano waliweka kikomo cha kilomita 50 kwa mwendo usiozidi 50, gia ikiwa N. Kutoka Msambweni hadi Mombasa ni kama kilomita 50, yaani kikomo kimeishia hapohapo, na hakuna dereva wa kuvuta anayekwenda polepole hivyo. Lipia lori la kubebea, magurudumu yote yakiwa juu. Kwa gari linalosukuma kwa magurudumu manne hakuna mjadala.

Kubaliana bei ya safari nzima kabla gari halijapandishwa: nani analipia feri ya Likoni, au kama mnapitia Kibundani na Dongo Kundu, mafuta ya mzunguko huo yamo ndani ya bei? Kuna na gharama ya kusubiri foleni. Muulize pia mwenye gereji anatoza nini gari likilala uani ukiwa unatafuta pesa. Wengine hutoza kwa siku, na hutaambiwa mpaka siku ya kulichukua.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa matengenezo ya magari, na inamtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kutoza. Omba makadirio hayo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: kazi gani, spea gani, mpya au iliyotumika, dhamana ya muda gani, na ya kifaa peke yake au pamoja na kazi. Sema mapema kwamba spea za zamani utaondoka nazo.

Malipo yagawe. Toa ya spea kwa risiti, ya fundi ibakishe nusu. Siku ya kukabidhiwa, endesheni wote wawili kutoka Ukunda hadi Msambweni na kurudi, mchana jua likiwa kali, ili oili ipate joto lake kamili. Mkirudi, chomekeni skana tena, angalieni kama kuna namba mpya, laleni chini mchungulie sampu na plagi kama kuna tone. Pakiwa pakavu na skrini haina kitu, mpe nusu yake. Namba ikirudi, gari linaingia tena gerejini, na nusu hiyo unabaki nayo mpaka kazi iishe.